Matanga Bila Maiti

Roda amenisumbua mpaka nimechoka. Kila jioni anaegemea ua wangu: "Andika, Mama Andati, andika ile ya hema." Kwani yeye hana mkono? Alikuwepo. Tena yeye ndiye aliyeanzisha mambo yote, halafu mimi ndiye niinamie karatasi mpaka shingo ikauke. Lakini kule sokoni Mayoni wanaisimulia vibaya. Kuna mwanamke wa mboga anayeapa kwamba nilikufa Alhamisi saa nne asubuhi nikafufuka saa saba mchana. Sikufa. Nimeishi miaka sabini na mitatu bila kufa hata siku moja, na sitaki sifa ya kitu ambacho sijafanya.

Basi nitaandika, lakini kwa namna yangu. Wanasema mtu akiandika maisha yake aseme "mimi, mimi" kutoka juu hadi chini. Huyo mimi hanipendezi. Miaka kumi na tisa nilisimama jukwaani, sikuwahi kuwa mimi hata mara moja, na watu walipiga makofi. Kwa hiyo nitamweka Maximilla, ndilo jina langu, pale mbele ajisimamie, nami nitamtazama kutoka pembeni. Akikosea, ni yeye.

Maximilla aliacha shule darasa la tatu. Hakuwa mjinga. Nyumbani kulikuwa na watoto wa kubeba, na mgongo ulioonekana kufaa ulikuwa wake. Akaolewa hapa Mayoni na Jairus, mkata miwa, mtu mrefu na mpole aliyefika darasa la saba na aliyesoma kila kipande cha karatasi kilichofungiwa kitu dukani. Siku moja, bado bibi arusi, Maximilla alinunua ingokho katika soko la Kakamega, kuku mzuri wa madoadoa, na kuku akafa kabla hawajafika stendi. Mtu mwingine angemtupa. Yeye alirudi naye. Akamlaza juu ya meza ya muuzaji, akajifunga leso kiunoni, akaanza kumlilia kama ndugu wa marehemu: ameacha watoto sita, jana alikuwa mzima, amelishwa nini na nani, na huyu mwenye meza mbona hata pole hasemi? Soko likasimama. Muuzaji akampa kuku wawili ili aondoke tu.

Kwenye umati alikuwamo mwalimu mmoja, Philip, mwenye kikundi cha maigizo pale mjini. Akamfuata mbio hadi barabarani.

"Mama, hayo uliyofanya, unaweza kuyafanya tena Jumamosi, ukumbini?"

"Kuna kuku mwingine amekufa?"

"Hapana, ni mchezo."

"Mimi sikuwa nacheza," Maximilla akamwambia. Lakini Jumamosi alienda.

Shida ilikuwa karatasi. Philip aliwapa waigizaji maneno yaliyoandikwa, na Maximilla alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, anasimama, jiwe lingine. Jairus ndiye aliyepata dawa. Alikaa kwenye kigoda na karatasi, akawa anamsomea, na Maximilla akawa anapukuchua mahindi. Gunzi moja, maneno ya mtu mmoja. Gunzi likibaki tupu, maneno yamekwisha kuingia kichwani. Mchezo mfupi ulimaliza debe moja, mrefu madebe mawili, na kuku wa jirani walijua kuwa Maximilla ni mwigizaji kabla watu hawajajua.

Sehemu ambayo watu walimpendea zaidi ilikuwa ya mama mkwe mkali. Aliicheza Mumias, akaicheza Musanda, akaicheza mpaka Lugari, na kila mahali watu walirudi nyumbani wakiamini. Binti yake Awinja alipotaka kuolewa na Masinde wa Mautuma, wazee wa Masinde walikuja na maneno yao yamepangwa, tayari kubishana juu ya ng'ombe. Kuingia tu, wakamwona nani amekaa. Mkubwa wao akaomba apewe kiti karibu na mlango. Waliitikia kila kitu walichoambiwa. Na ile desturi yetu kwamba mkwe na mama mkwe wasipeane mikono, wasikae chumba kimoja, wasitazamane usoni, Masinde anaifuata kwa moyo wote. Sijaona mkwe mwingine anayeipenda desturi namna ile.

Kikundi kilivunjika Philip alipohamishwa. Miaka ikaenda. Jairus akafa, sasa ni miaka kumi na mmoja. Maximilla akabaki na nyumba yake ya mabati, shamba lake la miwa na mahindi, na Roda ng'ambo ya shamba, mjane kama yeye, wa rika lake, mtu wa kumkopesha chumvi na kumtilia shaka.

Hapo ndipo kijana wake Andati alipoanza habari ya kumhamisha. Andati ana kazi ya ofisi Kakamega na nyumba huko Lurambi yenye sakafu ya kung'aa. Akasema mama hafai kukaa peke yake. Maximilla akaenda kujaribu, wiki mbili. Ziara ndefu kuliko hiyo hajawahi kufanya. Akiinama kuokota kikombe, wanamwambia, "Mama, acha." Akisimama kupika chai, "Mama, keti." Walimweka kwenye kochi kama vile vitambaa vya kochi. Siku ya kumi na tatu akaja mgeni, mkubwa wa Andati kazini, akauliza kwa heshima, "Na mama, zamani alikuwa akifanya kazi gani?" Maximilla akafungua mdomo. Andati akamjibia.

"Mama? Alikuwa tu nyumbani."

Kesho yake alirudi Mayoni, akapitia dukani, akanunua daftari la hisabati, lile la miraba, kwa sababu humo kila herufi inapata chumba chake na hakuna inayomkalia mwenzake. Akaanza kuandika. Andati akapiga simu: "Sawa, Mama, kaa. Lakini siku utakayoanguka, au uchome nyumba, au kitu chochote kitokee, nakuja na pikapu na sitauliza." Na Andati ni mtoto wake kweli. Akisema, amesema.

Sasa, namna Maximilla anavyoandika si kama ninyi. Mkono wake hauandiki kitu ambacho sikio halijasikia. Kwanza anasema neno kwa sauti, kwa sauti ya mwenyewe aliyelisema. Kama ni Philip, anakuwa Philip. Kama ni muuzaji wa kuku, anakuwa huyo. Akiridhika, ndipo anainama kuandika. Alhamisi ile, saa nne, alikuwa amefika siku Jairus alipokufa. Akafunga mlango, upepo usipeperushe karatasi. Akakumbuka alivyolia siku ile, mahali sauti ilipoanzia, ilivyopanda, ilivyokatika. Akalia hivyo. Akaona haijafika, akarudia. Ya pili ilikuwa sawasawa kabisa. Akakaa, akachukua kalamu, moyo wake umetulia.

Roda alikuwa anapalilia ng'ambo. Huku kwetu kilio kikitoka kwenye boma, hakuna anayeuliza. Unaangusha jembe ulipo, unashika barabara, na unapokimbia unalia nawe, ili wa mbele yako asikie. Roda akaangusha jembe. Ana kifua chenye sauti, Roda. Walimsikia mpaka sokoni, na kila aliyesikia akapokea, kikaenda shamba kwa shamba.

Maximilla ndani akainua kichwa. Kilio! Na kinatoka upande wa Roda. Akatupa kalamu, akavuta leso, akatoka kwa mlango wa nyuma, akakata njia ya katikati ya miwa. Roda anakuja kwa barabara, Maximilla anaenda kwa miwa. Wakapishana hivyo.

Kwa Roda alikuta mlango wazi, jembe limetupwa, hakuna mtu. Jikoni maharagwe yanaungua. Hapo ndipo alipojua kwamba ni kweli, kwa maana Roda hawezi kuacha maharagwe yaungue akiwa hai. "Yewe, Roda," akasema, akakaa juu ya kigoda akalia, na kilio hiki hakikuwa cha kuandikwa. Baadaye akafikiri, watu watakuja, watakuta uchafu huu? Akaepua maharagwe. Akafagia uwanja. Akapasua kuni, akateka maji, akabandika chai ya waombolezaji. Akangoja. Hakuna mtu. Saa moja ikapita, saa mbili. "Watu wa siku hizi," akanung'unika, "hata kulia wanachelewa."

Kumbe wote wako kwake. Walifungua mlango wakakuta nyumba tupu, kiti kimesukumwa, kalamu sakafuni. Mtu mmoja akasema mwili lazima umeshapelekwa mochari na boda. Mwingine akasema naam, ameiona hiyo boda. Simu ya Maximilla ikalia mezani, ikawa ni Andati anapiga kusalimia. Roda akaishika.

"Andati, mwanangu. Kwanza kaa chini."

Kufika saa saba mchana hema limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wa kanisa wamebandika sufuria tatu. Andati amekuja na pikapu imejaa viti vingine, macho mekundu. Awinja ametoka Mautuma kwa gari la kukodi, na nyuma yake Masinde na mbuzi wa kamba, maana mkwe haji mikono mitupu kwenye msiba kama huu.

Na Maximilla akachoka kungoja. Sufuria ya Roda ni ndogo, akaamua kurudi nyumbani kuchukua kubwa. Akatokea kwenye miwa nyuma ya hema na kusikia jina lake.

Roda amesimama mbele, anatoa ushuhuda. Mzima! Maximilla alifurahi. Alitaka kupiga kelele. Halafu akasikia ni nani anayezungumziwa, na akajitanda leso kichwani, akasimama nyuma ya nguzo kimya. Mwigizaji yeyote atamwelewa. Si rahisi kupata nafasi ya kusikia unavyosemwa.

"Maximilla alikuwa mtu wa mdomo," Roda alikuwa anasema huku akipangusa machozi. "Tusidanganyane. Mdomo na ukaidi. Lakini ukiwa mgonjwa, yeye ndiye anakujanga kwanza, na anakutukana mpaka unapona. Alikuwa na roho. Ila chumvi yake alikuwa anapima kwa kijiko."

"Na wewe chumvi hiyo," Maximilla akauliza kutoka nyuma, "ulishawahi kurudisha hata siku moja?"

Naomba niseme kilichotokea kama kilivyotokea. Viti vilianguka mstari mzima. Kijana wa kupiga kinanda aliingia kwenye miwa na kinanda chake. Akina mama wa sufuria walikimbia na miiko mikononi. Masinde aliyekuwa ameegemea nguzo ileile, hatua mbili tu kutoka kwa mama mkwe wake, hakujua aogope kipi, mzimu au kuvunja desturi, akajifunika kichwani blanketi alilokuja nalo msibani akasimama palepale kama gunia. Roda peke yake hakukimbia. Alikuja mpaka karibu, akamshika Maximilla pua.

"Ya moto," akatangaza. "Ni yeye. Na wewe ulikuwa wapi, mama wewe?"

"Kwako, nakulilia. Maharagwe yako yameungua."

Wakashikana, wakacheka, wakalia, na watu wakaanza kurudi mmoja mmoja. Ingekuwa mchezo wa Philip, pazia lingeshuka hapo. Lakini Andati alikuwa bado amesimama. Kwanza alimkumbatia mama yake. Halafu akauliza kilio kilikuwa cha nini, akaambiwa. Nikaona, yaani Maximilla akaona, uso wake ukibadilika.

"Ulikuwa unalia peke yako. Mlango umefunga."

"Nilikuwa naandika."

"Mama, watu hawaandikangi hivyo. Mtu analia peke yake, anaongea peke yake kwa sauti za watu waliokufa, anaenda kufagia nyumba ya mtu ambaye hajafa. Nilisema kitu chochote kikitokea. Leo unaenda na mimi." Akaingia ndani, akatoka na godoro la mama yake begani, akalitupa kwenye pikapu, akaanza kulifunga kamba.

Mayoni nzima ikatazama chini. Hata Roda. Kwa sababu alivyosema Andati, ukiyasikia hivyo kwa mpangilio, yalikuwa kama ya kweli. Maximilla mwenyewe aliogopa kidogo. Aliliona godoro, akaona lile kochi la Lurambi, akaona siku zake zote zilizobaki akiambiwa aketi. Angeweza kutoa ile sauti ya mama mkwe. Hakuitoa. Alisema polepole:

"Andati. Niletee daftari langu mezani. Nisome mbele ya watu hawa. Nikimaliza, ukisema akili yangu imeenda, nitapanda mbele ya pikapu mwenyewe, na sitahitaji kushikwa mkono."

"Mama, watu wana njaa."

"Wali haujaiva," akasema mama mmoja wa sufuria, akavuta kiti akakaa. Wengine wakakaa. Ukiwapikia watu wa matanga huwezi kuwafukuza kabla hawajala.

Basi akasoma. Sema alishika daftari tu, maana maneno yalikuwa kichwani. Alikuwa yule kuku. Alikuwa muuzaji, alikuwa Philip na miwani yake inayoteleza, alikuwa Jairus na karatasi kwenye kigoda. Watu walicheka wakashika mbavu. Wazee wa Mautuma walipoingia kuzungumza mahari, blanketi la Masinde lilianza kutikisika.

Kisha akafika mahali pa mtoto. Katika mchezo wa kwanza wa mama mkwe palihitajika mtoto mchanga wa kubebwa, na Philip alileta mwanasesere wa matambara. Maximilla alikataa kumshika mtoto asiyepumua. Alikuwa na wake, wa miezi mitano. "Kwa hiyo nilipanda naye," akasoma. "Ukumbi wa Kakamega umejaa hadi madirishani. Akalia katikati ya maneno yangu makali. Nikatoa ziwa, nikamnyonyesha, nikaendelea kumgombeza mkwe bila kuruka neno. Walipiga makofi mpaka mtoto akaacha ziwa akageuka kutazama. Alizunguka na mimi miaka miwili, Musanda, Lugari, kila mahali. Alipata jino la kwanza nyuma ya pazia. Mtoto huyo sasa ni mkubwa. Mgeni alipomuuliza mama yako alifanya kazi gani, alisema, alikuwa tu nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Andati alikuwa ameshika kamba ya godoro.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Ulikuwa na biskuti mdomoni."

"Sikujua, Mama."

"Hukuuliza. Uliona mwanamke amezeeka, ukafikiri alizaliwa hivyo."

Alikuwa amebakiza ukurasa mmoja, wa Jairus. Siku ya mwisho Jairus alimwomba amgombeze kama mama mkwe, mara moja tu. Akamgombeza kitandani pale, na Jairus akacheka, na kicheko kikaisha polepole. Halafu kile kilio. Maximilla hakukisoma. Alikitoa, kama asubuhi ile, mara moja. Na safari hii hakuna aliyekimbia. Roda alishika kinywa. Chini ya blanketi mtu mzima alikuwa analia waziwazi.

"Awinja," sauti ikasema kutoka mle ndani, "mwambie mama, hiyo si akili iliyopotea. Mwambie hata mimi, mkwe wake, nimelia."

"Amesikia, Baba," Awinja akamwambia mumewe. "Watu wote wamesikia."

Andati alifungua kamba. Lakini msidhani alilainika mara moja, ni damu yangu ile. Aliteremsha godoro nusu, akasimama.

"Na ukianguka kweli?"

"Nitaanguka kwenye sakafu ninayoijua."

"Hilo si jibu."

"Basi Roda awe na ufunguo."

"Na mimi nikisikia kilio tena, nijue ni cha wapi?" Roda akauliza. "Nina miguu mibovu. Siwezi kukimbia kwa ajili ya kitabu."

Walibishana mpaka wali ukaiva. Wakaamua hivi: Maximilla anabaki kwake. Lakini ukurasa wowote wa kulia hatauandika mpaka Roda awe amekaa pale ndani, na mlango wazi. Andati akarudisha godoro mwenyewe kitandani, akalitandika vibaya. Mbuzi wa Masinde hakurudi Mautuma. Alishafika kwenye matanga, na matanga yalikuwepo, na kwamba maiti alikula nyama pamoja na wengine ni jambo la bahati tu.

Hasara ni hii moja, kwamba Roda sasa yuko kitabuni kila siku. Anakaa hapo mlangoni na chai yangu, anasema hapa hakikuwa kilio cha namna hiyo, hapa mwongeze Roda kidogo, Roda alikuwa mrembo zaidi ya hivyo. Nimemwambia nyumba hii ina mwandishi mmoja. Anasema sawa, halafu anaendelea. Na Andati akileta wageni siku hizi ananisukuma mbele: "Muulizeni mwenyewe." Nao wanauliza, na chai inapoa.

Haya. Mimi nimetoa wangu, na hapa kwangu hakuna cha bure. Wewe uliyekaa ukasoma mpaka hapa, ukacheka na mambo ya watu, sasa chukua karatasi. Andika ukurasa mmoja wa maisha yako, kwa mkono wako, usimpe mtoto akuandikie wala usiniandikie mambo ya kupendeza tu. Kisha ulete Mayoni uusome kwa sauti mbele yangu. Uliza tu sokoni nyumba ya mwanamke aliyefufuka. Ila ukifika uwaambie kwamba sikufa.